Silinda Nne kwa Watu Saba

Bibi mmoja wa Kiswidi alinikuta nimechuchumaa kando ya barabara, nimefumba jicho moja, nimeshika chupa ya soda yenye maji nusu. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa kumi, na majani ya miti yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi na kuanza kudondoka. Bibi alisimama na mbwa wake, akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu kwa Kiswidi changu cha darasani kwamba sikupotea, nilikuwa napima mwinuko wa kilima. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, kisha akasema kilima hicho kiko hapo tangu yeye mtoto, na watu wote hukipanda tu bila kukipima. Akanitakia siku njema, akaendelea kupanda. Mbwa wake alipanda kwa wepesi ulioniumiza roho.

Chupa ile niliitengeneza mwenyewe. Maji hukaa sawa hata chupa ikiinama, kwa hiyo ukiilaza juu ya ubao na ubao juu ya lami, unaweza kusoma barabara imeinuka kiasi gani. Nilipima sehemu kumi na moja. Nilipomaliza nikaanza kuishuku chupa yenyewe, labda kioo chake hakikunyooka, nikarudi chini nikapima tena zote kumi na moja huku nimeigeuza. Vipimo vikalingana. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kukimbia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na moyo unadunda kama wa mtu aliyepata barua aliyoingoja mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na shahada yangu ya uhandisi wa mitambo ilikuwa na umri wa miezi minne. Wizara iliyonisomesha ilikuwa imeniandikia nisubiri hadi nitakapopangiwa kazi nyumbani, basi nilikuwa nasubiri Fisksätra, kitongoji cha Stockholm, katika chumba kidogo cha familia ya Kitanzania iliyonipokea kama ndugu. Baba wa nyumba namwita kaka, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Kabla ya kuja Ulaya alikuwa dereva wa malori ya pamba ya chama cha ushirika, akipandisha mlima wa Sekenke na marobota hadi juu. Ushirika ukamleta Stockholm kusomea utunzaji wa maghala. Kozi ikaisha, yeye akabaki. Mkewe, shemeji yangu, alitoka Tanga. Walikuwa na watoto wanne: wa kwanza msichana wa miaka kumi, wa mwisho wa miaka mitatu. Wote wanne walielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi.

Shemeji alikuwa muuguzi mwenye vyeti. Lakini kwa miaka sita Stockholm alikuwa akifagia ngazi za maofisi, kwa sababu vyeti vyake vilikuwa vinatafsiriwa, kisha vinachunguzwa, kisha vinatafutwa. Mwezi wa tisa mwaka ule nyumba moja ya kutunzia wazee, iliyojengwa juu ya kilima kilomita chache kutoka kwetu, ikakubali kumchukua kama muuguzi. Zamu ilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi la kwanza lilifika kule juu saa mbili kasoro. Muuguzi mkuu wa pale, mama mpole lakini asiyepindishwa, alimpa hadi Jumamosi mchana aseme kama ataweza kufika kwa wakati kila siku, kiangazi na theluji. Asipoweza, nafasi ingekwenda kwa mtu wa pili kwenye orodha.

Kwa hiyo ilibidi gari, na siyo gari dogo. Watoto wadogo wangepelekwa asubuhi hiyohiyo kwa mama mlezi aliyeishi chini ya kilima, na kaka alikuwa amekwisha kupanga: atawapakia wote, atawashusha watoto, atampandisha mkewe, kisha ataelekea ghalani kwake.

Kwenye uwanja wa magari yaliyotumika kulikuwa na mawili ya aina moja, yale marefu ambayo Waswidi hupakia mbao, vitanda, na watoto, mgongo wake umenyooka kama kabati lililolazwa. Yalifanana kila kitu isipokuwa chini ya boneti. Moja lilikuwa na silinda sita, la pili nne. La silinda sita lilikunywa mafuta kiasi kwamba mshahara mpya wa shemeji ungeishia kwenye tangi lake, na bado tulikumbuka majira ya baridi ya mgao, petroli ilipotolewa kwa kuponi. La silinda nne tungeliweza. Swali lilikuwa moja tu: litapanda? Likipanda, shemeji ni muuguzi. Lisipopanda, anarudi kwenye ngazi zake.

Swali hilo kaka alinikabidhi mimi, asubuhi ya Jumatatu, akipaka siagi kwenye mkate.

“Umesomea mashine miaka yote hiyo,” alisema. “Haya, injinia. Tuambie.”

“Nitapiga hesabu.”

“Usinipigie hesabu, mdogo wangu, nipe jibu. Mimi la kwangu ninalo. Gari kubwa linataka injini kubwa. Umewahi kuona tembo ana moyo wa kuku?”

Shemeji, aliyekuwa akimfunga mtoto kamba za viatu, alisema bila kuinua uso, “Jibu mpaka Jumamosi. Mimi nimeahidi Jumamosi.”

Mtu mwingine angecheka habari ya tembo, akaenda zake. Mimi nilikaa nayo siku nzima. Moyo wa tembo ni mkubwa, nilijiambia ndani ya treni ya Saltsjöbanan, lakini hupiga polepole. Wa kuku ni mdogo, hupiga haraka haraka. Je, kuku akiachwa apige haraka anavyotaka, kwa siku nzima atasukuma damu kiasi gani kwa kila kilo ya kuku? Nilipitiliza kituo nilichotaka kushuka. Nilipanda treni ya kurudi, nikakipitiliza tena.

Sijui niieleze vipi furaha iliyonishika wiki ile. Kwa miaka mitano maswali yote niliyojibu yalikuwa ya mwalimu, na mwalimu alikuwa na majibu yake kwenye droo. Hili halikuwa na droo. Hakuna mtu duniani aliyejua kama gari lile, likiwa na familia ile, litapanda kilima kile. Nilikuwa nikiamka kabla ya saa ya kengele, nimekwisha kuanza kuhesabu. Na wakati uleule nilikuwa naogopa, kwa sababu nikikosea, si alama zitakazopungua. Ni shemeji atakayeshika fagio.

Nilinunua daftari jipya. Nikaazima mizani ya chooni, nikaiweka barazani na kuwapanga watoto kwenye mstari. Wa miaka minane alipanda, akashuka, akapanda tena na mkoba wake wa shule, akataka zote mbili ziandikwe. Shemeji alikubali kwa sharti nitazame ukutani naye ajisomee mwenyewe. Alisema namba. Nikaiandika, kisha nikaanza kuwaza kama muuguzi anaweza kupunguza uzito wake kwa mdomo, nikamwongezea kilo tatu kwa siri. Nikapima viatu vya baridi vya watu wote, makoti, hata chupa ya chai. Nikachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto “dereva,” kulia “mzigo.” Kushoto nikamwandika kaka. Kulia nikawapanga shemeji, watoto wanne, mimi, viatu, makoti na chai.

Alhamisi jioni nilipata jibu. Injini ndogo ilitosha. Haikuwa na nguvu ya ziada, lakini ilitosha, hata kwenye kona ya katikati penye mwinuko mkali kuliko kote. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikaenda jikoni kuwaambia, na njiani, katika hatua zile tisa za ukumbi, nikapata mashaka manne: upepo wa mbele, tairi za theluji, mafuta ya injini yakiwa baridi, na chupa.

“Linatosha,” nilisema. “Lakini ningependa tulijaribu na mzigo kamili. Tukiweza kupata magunia ya viazi, kama sita hivi, tuyapange kwenye viti kwa kufuata uzito wa kila mtu...”

“Viazi vya nini,” alisema kaka, “na watu tupo?”

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi, saa tano na nusu, tulifika kwenye uwanja wa magari watu saba. Na kwa kuwa ni safari ya kwanza ya familia kwenye gari ambalo huenda likawa lake, walikuwa wamevaa. Kaka alivaa suti. Shemeji alivaa kitenge chake kizuri chini ya koti la baridi. Watoto walipakwa mafuta hadi magotini. Mimi nilikuwa na daftari na saa ya kupimia mbio niliyoazima chuoni.

Muuzaji alikuwa Mswidi mzee, mwembamba, mwenye kofia ya sufu. Nadhani alizoea mwanamume mmoja anayekuja peke yake na kupiga tairi mateke. Alitutazama mmoja mmoja, midomo yake ikisogea, na nikajua anahesabu.

“Nani anayenunua?” aliuliza.

“Sisi,” alijibu mtoto wa miaka mitano.

Mzee alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu kamili. Alifungua mlango wa nyuma, akainua ubao wa sakafu, na kikatokea kiti kidogo kinachotazama nyuma, kwa watoto wawili. Wakubwa wakaingia humo kabla hajamaliza kueleza. Sisi tukajipanga: kaka kwenye usukani, mimi kando yake, shemeji na wawili wadogo katikati. Gari likaketi chini. Mzee aliinama kutazama tairi, akanyooka, akasema anafunga saa nane, na hivyo turudi kabla ya hapo. Kisha akampa kaka funguo bila kuuliza neno jingine. Jambo hilo la Waswidi sikuwahi kulizoea.

Kwenye barabara ya tambarare gari lilikwenda vizuri hata kaka akanyamaza. Aliendesha kwa mkono mmoja, kiwiko dirishani ingawa kioo kilifungwa. Majengo yakapita, maji yakapita, boti zilizokwisha kufunikwa maturubai kungoja baridi zikapita. Watoto wa nyuma walikuwa wakitutangazia yote ambayo sisi tulikuwa tumekwisha kuyaona.

“Laini,” alisema kaka mwishoni.

“Umeona?” nilisema.

“Nimesema laini. Sijasema lina nguvu.”

“Tukifika juu,” shemeji alisema kutoka nyuma yangu, “mnaningoja. Likipanda naingia kumwambia ndiyo. Lisipopanda naingia kumwambia hapana. Yupo kazini mpaka saa nane. Msije mkaanza kubishana nikiwa ndani.”

Kilima kikatokea mbele, na ninakumbuka kwamba kwa sekunde moja nilikipenda. Nilikijua kila hatua. Nikaiweka saa tayari.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo nilipaswa kulijua, kwa sababu kaka alikuwa amenisimulia zaidi ya mara moja. Kwenye barabara zake za zamani, dereva alijulikana kwa gia aliyomaliza nayo mlima. Malori yale yalikuwa na injini kubwa za dizeli zenye kuzunguka taratibu, na dereva wa kweli aliuingia mlima kwa kasi na kuupanda na gia kubwa hadi mwisho, lori likitetemeka chini yake. Aliyerudisha gia mapema alisikiwa na kila mtu aliyekaa kando ya barabara, na jioni hotelini angeulizwa kama pamba ya siku hiyo ilikuwa imelowa. Kaka alikuwa mmoja wa waliojulikana. Alikiingia kilima chetu na gia ya nne.

Mwanzoni mwendo ulitubeba. Kisha sauti ya injini ikaanza kushuka, ikawa nzito, kama mtu anayeongea huku anasinzia. Sindano ya mwendo ikalala kidogo, ikalala tena.

“Kaka, rudisha gia.”

“Tulia.”

“Weka ya tatu.”

“Inavuta, hii. Unaisikia? Inavuta.”

“Haivuti, kaka, inakufa.”

“Mwache baba aendeshe,” alisema mtoto wa nyuma kwa Kiswidi.

Kwenye kona, palepale nilipopima mwinuko mkali, mbele ya safu ya masanduku ya barua ya wenyeji, gari lilitikisika mara tatu na kuzimika. Kaka alivuta breki ya mkono. Tulisikia maji yakichemka mahali fulani chini ya boneti.

“Baba, kuna gari nyuma yetu,” alisema msichana wa kwanza.

“Mwambie apite.”

“Hapiti. Amesimama tu.”

“Anapiga honi?”

“Hapana. Ananitazama. Nimempungia mkono.”

Kaka aliachia usukani, akaweka mikono yake magotini. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. “Basi,” alisema. “Tembo ndiyo huyo, amelala. Si kosa lako, injinia. Ni injini ya kukamulia juisi.”

Nyuma yangu nilisikia vifungo vya koti. Shemeji alikuwa anajifunga, kimoja baada ya kingine, hadi shingoni.

“Nipisheni nishuke,” alisema. “Nitamalizia kwa miguu. Nikamwambie mwenyewe, uso kwa uso. Siyo vizuri kumwambia kwa simu.”

Mimi nilikuwa nimefungua daftari, natafuta kosa. Nilikuwa na hakika liko pale, na kwamba nikiwahi kulipata kabla hajafungua mlango, kitu fulani kitaokoka. Mwinuko ulikuwa sawa. Uzito ulikuwa sawa, na zile kilo tatu za siri. Nguvu ya injini ilikuwa sawa, lakini niliisoma mahali pa juu kabisa pa mchoro, pale injini inapozunguka haraka sana. Kaka alikuwa ameiendesha mahali pa chini kabisa. Sikuwa nimemwambia. Nilidhani kila mtu anajua. Na macho yangu yakapanda juu ya ukurasa, kwenye mstari niliouchora mwenyewe, na nikaona nilichoandika. Mwanamke ambaye kazi ilikuwa yake, asubuhi zote zilikuwa zake, na ambaye mwezi wa tano aliileta leseni yake ya udereva nyumbani tukala keki, nilikuwa nimemweka upande wa mzigo, pamoja na viatu na makoti.

“Shemeji,” nilisema. “Leseni unayo hapo?”

“Iko kwenye pochi. Imekaa humo tangu siku niliyoipata.”

“Basi endesha wewe.”

Kaka aligeuka, akanitazama kama mtu aliyependekeza tulisukume kwa pua. “Aendeshe nini? Kilima? Hajaendesha hata kwenda dukani.”

“Duka gani,” alisema shemeji, “na gari lipi?”

“Mama watoto, nasema tu, hapa si mahali pa kujifunzia.”

“Hapa ndipo nilipojifunzia. Vilima kama hivi. Na mwalimu ana mdomo kuliko wewe.” Alikwisha kufungua mlango. Akazunguka mbele ya gari, akasimama dirishani kwa kaka. “Nipishe, baba watoto.”

Kaka alishuka polepole, akavuta koti la suti, akamwashiria mtu wa nyuma apite. Mtu yule akapita, akatuinulia kofia. Kisha kaka akaingia kiti cha kati na kumpakata mtoto wa mwisho. Sikuwahi kumwona akiwa abiria. Hakujua aweke wapi miguu.

“Turudi chini kwanza tuanze upya?” nilimwuliza shemeji.

“Kwa nini? Nitaondokea hapa.”

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwelikweli. Hesabu zangu zote zilikuwa za gari lililo kwenye mwendo. Kuondoka kutoka kusimama, katikati ya kona, na watu saba, ni jambo jingine, ni baya kuliko yote, na sikuwa nimelihesabu hata kidogo. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwomba dakika kumi na kalamu. Lakini alikuwa amevuta kiti mbele, amerekebisha vioo vyote viwili, amenigusa mkono niuondoe kwenye gia, na amewasha.

Alikanyaga mafuta kabla ya kuachia chochote. Injini ikainua sauti, ikawa kali. Akainua mguu wa klachi taratibu sana, na nikahisi pua ya gari inanyanyuka, ingawa bado tumesimama. Kulikuwa na harufu ya kuungua. Kisha akaishusha breki ya mkono, na kwa muda ambao hata saa yangu isingeupima, gari halikwenda mbele wala nyuma. Masanduku ya barua yalikuwa pale. Yakaendelea kuwa pale. Halafu sanduku la kwanza likaanza kurudi nyuma.

“Linakwenda,” nilinong’ona.

“Najua linakwenda, nalishika mimi.”

Akaiacha gia ya kwanza ilie hadi nilipodhani amesahau kwamba ziko nyingine, kisha akaweka ya pili, na pale akabaki. Injini ilipiga kelele. Ilikuwa kelele nyembamba, ya haraka, isiyochoka, na gari lilipanda nayo kwa mwendo mmoja, bila kupungua, kama kitu kinachovutwa na kamba.

“Badilisha!” alisema kaka. “Inalia, mama watoto. Weka ya tatu, unaiua mashine ya watu.”

“Iache ilie.”

“Hiyo si sauti ya injini nzima.”

“Ni sauti yake. Mwalimu anasema ikinyamaza ndiyo uogope.”

Nilitazama mchoro wangu, nikaitazama sindano, na vilikuwa kitu kimoja. Mstari niliouchora kwa rula mezani kwangu ulikuwa unasikika. Nilianza kucheka, siyo kwa sababu ya jambo la kuchekesha, nikashindwa kuacha, na watoto wa nyuma, waliokuwa wakiona kilima kikishuka mbele ya macho yao, wakaanza kucheka nami. Tuliipita nyumba yenye uzio wa mbao, tukalipita jiwe ambalo bibi na mbwa wake walipotelea nyuma yake, tukazipita sehemu zangu zilizobaki kati ya zile kumi na moja. Barabara ikalala. Shemeji akaingiza gari kwenye maegesho ya nyumba ya wazee, katikati kabisa ya mistari miwili, akavuta breki, akazima.

Kulikuwa na vikongwe watatu dirishani, wanatutazama.

“Shemeji,” nilisema, “tungerudia mara moja. Nilisahau kubonyeza saa. Na matokeo ya mara moja, kitaalamu, si matokeo.”

“Rudieni ninyi.” Alifungua kile kifungo cha shingoni. Akajitazama kwenye kioo, akalainisha nywele pembeni, akatoa funguo na kuzitia mfukoni mwake. Tukamwona akivuka maegesho bila kuharakisha, kitenge kikionekana chini ya koti, akasukuma mlango kwa bega na kuingia.

Watoto walishuka kwenda kuwatazama vikongwe kwa karibu. Mimi na kaka tulibaki, yeye nyuma, mimi mbele, kama watu wawili kwenye basi.

“Ile kelele,” alisema kaka. “Haikuwa ya kuharibika?”

“Hapana. Ndogo inafanya kazi ileile kwa kuzunguka haraka zaidi. Ni kama moyo wa kuku, kaka. Ukiuacha upige.”

Alifikiri. “Kwa hiyo ile kubwa ingepanda na gia ya nne.”

“Ingepanda. Ile kubwa ingekusamehe. Hii haikusamehe, inataka uipe nafasi ipige.”

“Ungesema mapema.”

“Nilidhani unajua.”

“Na mimi nilidhani unajua kwamba sijui,” alisema kaka. Akamhamishia mtoto goti la pili. “Miaka minane ya lori, bwana. Ukirudisha gia watu wanakucheka. Hapa ukirudisha gia ndiyo umefuzu.”

Nilitaka kumwambia kwamba nami nina miaka mitano ya chuo, na sikuuliza nani ataendesha. Nilikuwa naitunga sentensi hiyo vizuri. Huwa nachelewa kwa sababu hiyo. Nilikuwa pia nimeanza kuwaza habari ya uchakavu: injini inayozunguka haraka hivyo kila asubuhi itaishi miaka mingapi, na theluji ikija, na tairi zikiteleza pale kwenye masanduku ya barua. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika “theluji” juu, nikapigia mstari.

Swali lenyewe, kama injini ndogo inafaa kwenye gari kubwa la familia, nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile, na watu wenye madaraka kuliko kaka. Mimi hujibu kwamba inafaa. Kisha huuliza nani ataliendesha, na alifundishwa wapi, na mara nyingi wananiona nimetoka nje ya mada.

Shemeji alitoka saa saba na dakika ishirini. Muuguzi mkuu alimsindikiza hadi mlangoni, wakapeana mikono, na mama yule akaligeukia gari letu, akawaona watoto wakiwafanyia vikongwe vituko vya uso dirishani, akasema kitu kilichomfanya shemeji afunike mdomo. Alikuja amebeba gauni jeupe la kazi lililokunjwa na kufungwa kwa karatasi.

Kaka alimtazama kupitia kioo. Shemeji alifungua mlango wa dereva, akaketi, akaniwekea lile gauni mapajani.

“Shika hilo, lisikunjamane. Jumatatu nalivaa.”

“Ukubwa umekufaa?” nilimwuliza, kwa sababu hilo ndilo swali pekee lililonijia.

“Alinikadiria kwa macho tu. Hakunipandisha kwenye mizani.” Akawasha gari. “Waiteni hao watoto. Mzee wa watu anafunga saa nane.”

Watoto walipanda. Kaka alibaki pale alipo, na hakuna aliyemwambia abaki. Tulitoka kwenye maegesho, tukafika mahali barabara inapoanza kuinama, na maji yote ya upande ule yakaonekana chini yetu.

“Kwenye mteremko,” alisema kaka kutoka nyuma, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa kitu chake cha thamani, “unarudisha gia kabla hujaanza kushuka. Siyo ukishaanza.”

Shemeji alikuwa amekwisha kuirudisha.